Kuufuata Mlango Namba 31 hadi Chiungutwa

Barua ya Mama Mkubwa ilifika kwetu Temeke mkononi mwa kondakta wa basi. Ilisema kwamba bomba la maji linapita mtaani kwao Newala, kwamba nyumba zilizo kwenye orodha zitawekewa vigingi Ijumaa, na kwamba nyumba isiyoonyesha namba yake itarukwa. Yeye ana tatizo la namba. Anaomba atumiwe mtoto mmoja anayejua kubishana.

Mama alikunja barua akaniangalia. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka mmoja nyuma, miaka ile serikali ilipoacha kutugawia kazi na kutuambia kwamba soko huria litatutafuta. Soko lilikuwa halijanitafuta. Nilishinda barazani nikihoji kila kitu, kuanzia kwa nini watu wa joto wanywe chai ya moto hadi kwa nini redio isome matangazo ya vifo mchana wakati wa kula.

"Wa kubishana," mama alisema, "hapo wamepata mtu."

Jumapili alfajiri niliondoka. Barabara ya kusini wakati ule ilikuwa ni mahali watu walipojuana. Tulishuka kuvuka Rufiji kwa pantoni, tukapanda, tukashuka kusukuma, tukapanda, tukalala kwenye viti, na ilipofika asubuhi nilikuwa najua majina ya watoto wote wa jirani yangu na aina ya ugonjwa wa mkwe wake. Nilimuuliza dereva kwa nini basi liliandikwa "Moja kwa Moja". Aliniambia nishuke nisukume.

Jumatatu jioni tulifika Masasi. Nyuma ya mji ile milima ya mawe imesimama kama watu waliogoma kuondoka, na mbele yake kila kitu kilikuwa kinauzwa. Ulikuwa msimu wa korosho. Wanunuzi binafsi walikuwa wamefika na mizani zao, na nyuma yao wamefika wenye mabati, wenye baiskeli, wenye mitumba. Lakini kilichonisimamisha ni milango. Pembeni mwa soko ilikuwa imeegemezwa milango mipya ya mninga, na kando yake milango mikuukuu iliyopakwa namba nyeupe: 8, 114, 62.

"Namba hizi ni bei?" nilimuuliza muuzaji.

"Bei? Hizo ni namba za nyumba. Mtu akiuza korosho ananunua mlango mpya, wa zamani anatuletea sisi."

"Sasa nyumba aliyoiacha itajulikanaje?"

Alinitazama kwa huruma. "Nyumba haijaenda popote, kijana. Kilichoondoka ni mlango."

Jumanne asubuhi nilipata nafasi juu ya magunia, kwenye gari dogo la mizigo linalokwenda Newala. Tulipita Nagaga, tukapita Chiungutwa bila kusimama, tukaanza kupanda. Kwenye kona za mlima abiria waliacha kuongea ili dereva asikie injini. Juu kabisa upepo ukawa baridi, na ukigeuka unaona bonde la Ruvuma limelala huko chini na maji yote ambayo Newala haina.

Nyumba ya Mama Mkubwa niliitambua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amesimama nje akiwa na ndoo tupu mkononi. Ana miguu inayovimba, na kila siku hutembea nayo kufuata maji, kisha hupanga foleni, kisha hurudi. Mlango wake ulikuwa mpya, wa mninga, umechongwa maua chini, una kitasa cha shaba. Hakukuwa na namba.

"Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Karibu unawe." Alinimiminia maji yanayotosha kulowesha viganja, akayapokea chini kwa bakuli, akawapelekea kuku.

Tulikula ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa, na wakati wa kula nikaelezwa sheria. Namba za mtaa ule zilipakwa na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo na ofisi, anayeitwa na wote Bwana Rangi. Alitoka nyumba hadi nyumba akipaka namba kwa mfuatano wa nyumba alizofika. Na alifika alikoalikwa. Namba 1 ilikuwa kwa dada yake, alikopata chai. Namba 2 ilikuwa ng'ambo ya pili ya mtaa, kwa mtu aliyechinja jogoo. Mama Mkubwa alikuwa 31 kwa sababu ya mbaazi za nazi, siku ya tatu, saa saba mchana. Mtu wa namba 90 mpaka leo hasalimiani na mkewe vizuri, kwa kuwa siku zote za kupaka mkewe hakumwalika Bwana Rangi, nyumba yao ikawa ya mwisho.

"Lakini kwa nini mlangoni?" niliuliza. "Kwa nini asipake ukutani, ambako hakuhamishiki?"

"Mwaka wa kwanza alipaka ukutani. Mvua zikaisha, wanawake tukakandika kuta upya kwa udongo kama kila mwaka. Namba zote zikafukiwa. Akalia yule."

Nikasema basi tununue kopo la rangi nyeupe, tupake 31 kwenye mlango mpya, yaishe.

"Wenzako walikuwa na akili hiyo mwaka jana. Mtaa ukapata nyumba saba zenye namba 12, maana ilisikika kwamba barabara itapita kwenye 12 na mwenye nyumba atalipwa fidia. Tangu hapo ofisi inataka dole. Bwana Rangi akimaliza namba alikuwa anabonyeza dole gumba lake chini yake, kwenye rangi mbichi. Pasipo dole, hapana namba."

"Basi aitwe Bwana Rangi."

"Amehamia Msumbiji kwa mke mwingine."

"Na mlango wenye dole uko wapi?"

Mama Mkubwa alisafisha kidole chake kwa uangalifu. "Nilimpa Zuhura alipojenga. Uko Chiungutwa."

Jumatano saa nne nilikuwa Chiungutwa, nimeazima bisibisi na nyundo. Zuhura ni binti wa Mama Mkubwa, kwa hiyo ni dada yangu. Nilimkuta anapepeta mbaazi. Namba 31 ilikuwa mlangoni pake, na chini yake dole gumba lililo wazi kama muhuri. Nilimweleza shida ya mama yake na hakusita.

"Mlango ni wa mama. Chukua, utanirudishia. Saidi yuko shamba, nitamwambia akirudi. Ngoja nikaazime jamvi nizibe hapa, mbuzi wa watu wasije wakaingia."

Akaenda kwa jirani wa mbali kuazima jamvi. Mimi nikaanza kufungua bawaba.

Skrubu ya pili ilikuwa haijatoka, akaja bibi mmoja, Bi Asumini, wa nyumba ya tatu. Akakaa chini bila kukaribishwa, akanyoosha miguu.

"Pole mwanangu. Wewe ndiye wa upande wa mke?"

"Ndiyo, shikamoo. Mimi ni kaka yake."

"Marahaba. Alimpiga?"

"Nani?"

"Haya, usiseme. Siri za ndugu zitunzwe."

Wakaja wanawake wengine wawili, kisha wanaume waliokuwa wanapima korosho, kisha mtu mwenye cherehani akaiacha cherehani. Hakuna aliyenizuia. Walinitazama kwa heshima na majonzi, na mmoja alinishikia mlango usiniangukie. Nilidhani watu wa Chiungutwa wana ukarimu usio wa kawaida. Laiti ningeuliza swali moja wakati ule, mimi niliyeuliza kwa nini chai ni ya moto. Huko kwao mlango hutoka kwa watu wa mke. Ndoa ikifa, ndugu wa kiume wa mke huja mchana kweupe, hafoki, hatukani, anafungua bawaba na kuondoka nao. Hiyo ndiyo talaka yenyewe. Karatasi hufuata baadaye.

Mtu alikuwa ameshakimbia shambani. Saidi alitokea kwa baiskeli isiyo na breki, akaiacha ikaendelea peke yake hadi kwenye migomba, akaja akapiga magoti mbele yangu na jembe bado likiwa begani.

"Shemeji! Nimekosa nini? Niambie nijue!"

"Hujakosa, shemeji, ni..."

"Kama ni yule jogoo, nakiri. Hakuchukuliwa na mwewe. Nilimuuza mimi."

Umati ulinung'unika. Nilimwona Zuhura amerudi. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, jamvi kichwani, akisikiliza.

"Na redio haijaharibika. Iko Nagaga kwa kaka yangu, nilimwazima asikilize mpira."

"Shemeji, simama, ni namba tu..."

"Na Jumamosi ile! Hakukuwa na mgonjwa! Nilikwenda kunywa pombe ya uraka, nikalala njiani, nikamsingizia mjomba kidonda!"

"Kidonda kilichomfanya akatwe mguu?" sauti ya Zuhura ilitoka nyuma.

Saidi aligeuka. "Miguu anayo yote miwili."

"Endelea," Zuhura alisema. "Na pazia la mama yangu?"

Hilo la pazia lilichukua muda mrefu kuliko mengine, na sitaliandika hapa kwa kuwa Saidi ni shemeji yangu. Zuhura aliposikia yote aliyoyataka, ndipo akawaambia watu kwamba hajaachana na mtu, kwamba mama yake anatakiwa kuonyesha namba Ijumaa ili apate maji.

"Namba?" Bi Asumini alisema. "Ndoa ivunjwe kwa namba?"

"Haivunjwi, bibi!" nilisema.

"Mlango ukipita hapo njiani na wewe peke yako, imevunjika. Nani atamweleza kila mtu?"

Walijadiliana. Ikaonekana kwamba mlango unaobebwa na kaka wa mke ni talaka, lakini mlango unaobebwa na mume unakwenda kwa fundi. Kwa hiyo mume aende nao. Nilitaka kuuliza kanuni hii ilitungwa na nani. Zuhura alinikanyaga mguu.

Alhamisi tulipata gari mchana. Saidi alikaa juu ya mlango wake kama mtu anayelinda maiti. Kila kituo walipanda watu wanaomfahamu.

"Saidi! Umeachwa?"

"Namba tu."

"Pole sana, ndugu yangu. Umeachwa?"

"Namba tu, jamani."

Hadi tunafika juu alikuwa amejibu hivyo mara nyingi kiasi kwamba dereva alipomwuliza nauli alisema, "Namba tu."

Jioni tulipoupima mlango ndipo ikajulikana kwamba Saidi, alipoufunga kwake, aliukata chini shubiri nzima, maana fremu ya kwake ni fupi. Bawaba nazo hazikulingana. Tuliung'oa mlango wa mninga, tukausimamisha namba 31, ukashika skrubu mbili tu za juu. Mama Mkubwa aliangalia ile nafasi chini, kuku akapita huku na huku akiijaribu. Alikwenda kukaa karibu na ndoo zake, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa.

Ijumaa asubuhi saa tatu walifika: afisa mtendaji mwenye orodha, na fundi wa maji mwenye vigingi begani. Jirani wa kushoto alirukwa mbele ya macho yetu. Mlango wake ulikuwa na namba lakini dole lilikuwa la mtoto. Mke wake alikaa chini pale pale.

Saidi alikuwa ndani, ameushikilia mlango kwa nyuma kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba. Mtendaji aliinama, akaweka gumba lake karibu na lile dole, akalinganisha ukubwa.

"Dole ni lenyewe. Lakini mlango huu mfupi."

Nilifungua mdomo. "Mheshimiwa, kwanza tujiulize, kanuni hii kimantiki..."

"Mwanangu, nyamaza," Mama Mkubwa alisema. "Kigingi hakijaingia." Kisha akamgeukia mtendaji. "Nyumba imekua, baba."

Mtendaji alimtazama. Fundi wa maji akageukia pembeni.

"Imekua?"

"Imekua. Watoto wameolewa, imebaki na nafasi."

"Mlango wa nyumba lazima ufanye kazi, mama. Ufungue."

Mama Mkubwa aliusukuma kwa kidole kimoja. Mlango ulifunguka taratibu, kwa adabu, ukiwa na miguu miwili ya mwanaume chini yake inayotembea nao.

"Ufunge."

Miguu ikarudi.

"Huyo nyuma ni nani?"

"Mkwe wangu. Mlango ni wake."

"Kumbe," mtendaji alisema, akaandika alama kwenye karatasi. "Wa kwangu nyumbani haufunguki hivyo." Fundi akapiga kigingi. Mama Mkubwa alikishika kwa mkono, akakitikisa kama anayejaribu jino, akaridhika.

Jumamosi nilitegemea mlango urudi Chiungutwa. Mama Mkubwa alikataa. Kigingi si maji, alisema, na mpaka maji yatoke, namba haitoki. Zuhura achukue wa mninga.

"Ule wa maua?" Saidi aliuliza. Alikuwa anaogopa kufurahi.

"Wa maua. Ulikuwa unanifungia nini? Ndoo tupu."

Tukashuka mlima na mlango mpya, na safari hii waliomwona Saidi walimpa hongera, wakidhani ameoa tena. Seremala wa Chiungutwa aliukata chini, maua yote yakaenda na kile kipande. Zuhura hakujali maua. Alijali kitasa. Kilikuwa na ufunguo mmoja, akauchukua, akaufunga kwenye pindo la khanga, na jioni hiyo Saidi alipotaka kuingia kuchukua shati alibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, akahojiwa kwanza alikuwa wapi.

Jumapili nilipanda basi Masasi. Njia nzima nilifikiri juu ya kanuni ambazo nilizicheka zikiwa na sababu zake, na juu ya ile moja ambayo sikuijua kwa kuwa ilionekana haina haja ya kuulizwa. Bado nauliza mengi. Siku hizi nauliza kabla ya kugusa skrubu.

Baada ya mvua kuisha ilifika barua nyingine. Maji yametoka, ilisema, Jumanne moja, nusu saa, mekundu kwanza kisha meupe. Mama Mkubwa alijaza kila chombo, akajaza hata chungu kilichopasuka. Majirani walikuja wakachota, na yule wa kushoto aliyerukwa alichota kwanza. Walipoondoka alifunga mlango, akaoga ndoo nzima peke yake, na alipomaliza akayamwaga nje maji aliyoogea bila kumwita kuku hata mmoja.