Jina Lifike Zima

Evodia, mwimbaji wa bendi ya harusi ya Utemini, alikuwa na saa tatu tu za kununua maikrofoni isiyo na waya. Ile ya zamani ilimkatikia mwezi uliopita alipokuwa akizunguka meza za wageni na kuwataja ndugu wa bwana harusi. Ilikata kwenye jina la mama wa bwana harusi, ikarudi kwenye la shangazi. Mama akaamini karukwa makusudi. Leo jioni ukoo huohuo unaozesha binti.

"Ukimruka tena, utaimbia mbuzi," mpiga ngoma wake, Hezekia, alimfariji.

Mwenye duka akatoa seti mbili. "Zote zinafika mita mia, dada."

"Hata katikati ya watu?"

"Watu wanahusikaje?"

Evodia akaomba azijaribu sokoni. Jamaa aligoma mpaka Hezekia alipoachwa kaunta kama rehani, ingawa hakuonekana kumwona ana thamani hiyo.

Seti ya kwanza, yenye taa za kupendeza, ilinyamaza kwenye vitunguu. Ya pili ilikuwa nzito, ina sura mbaya. Evodia akajipenyeza kwenye umati akitaja majina, jasho likimtoka, spika ya dukani ikiitikia kwa mbali. Kwenye matenga ya kuku bibi mmoja akamshika mkono.

"Mbona mimi hunitaji?"

"Shikamoo bibi. Unaitwa nani?"

"Marahaba. Emiliana Mughwai."

Evodia akalitamka polepole. Jina likarudi zima kutoka dukani, la baba pia. Bibi akamwachia mkono, naye akaenda kulipia ile mbaya.