Injini Iliyomo Kwenye Gari Langu Siijui

Jamani, kumbe mwezi mzima nimeendesha gari nisilolijua!

Tangu mume wangu alirudishe kutoka kwa fundi kule Kilosa, lilikuwa linapanda milima kama halina mzigo. Nikamuuliza.

"Ni sevisi tu," akasema.

Sikuamini.

Leo nimeenda Mikumi kukata bima upya. Wakala akafungua boneti, akasoma namba, akatazama kadi ya gari, akasoma tena.

"Dada, injini hii siyo iliyoandikwa kwenye kadi. Hii ni kubwa zaidi. Ungepata ajali, kampuni ingeweza kukataa kulipa."

Na juzi tu nilipakia wanangu wote pamoja na mama mkwe!

Nikampigia mume wangu palepale.

"Ile ya zamani ilikufa," akasema. "Sikutaka uwe na wasiwasi."

"Risiti ya hii iko wapi?"

"Fundi hakunipa."

Gari nimeliacha hukohuko, nimerudi nyumbani Ruhembe kwa bodaboda. Sasa mume wangu yuko jikoni ananipikia chai, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu tuoane.

Hebu niambieni, hii injini imetolewa kwenye gari la nani?