Alama Mbili kwenye Karatasi ya Buluu

Niseme ukweli mapema ili tusisumbuane: mimi ni mtu wa wivu. Nilipokuwa mtoto Bujumbura nilimwonea wivu dada yangu kwa kuugua surua, kwa sababu alinunuliwa soda nzima akainywa peke yake. Kwa hiyo nikisema kwamba nimemwonea wivu mwenzangu kwa miaka mingi, kwa koti lake, kwa kicheko chake na kwa kiti chake barazani, asishangae mtu.

Mwenzangu alifika Stockholm miaka tisa baada yangu, naye Mrundi kama mimi. Muumini mmoja wa kanisani kwetu aliniomba nimhifadhi wiki mbili. Alilala kwenye kochi langu hapa Bredäng majira yote ya baridi. Mimi ndiye niliyemwonyesha asimame upande gani wa jukwaa la treni ili akishuka Skärholmen akute ngazi ya umeme mbele yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba huku hujambo ya mtu asiyekujua haidai jibu refu. Na ni mimi niliyempeleka kwenye chama cha siasa, kwa mguu wangu, kwa sababu nilikuwa mwanachama wa miaka mitatu na nilikuwa nimechoka kuwa mtu pekee wa kwetu kwenye ile meza ya kahawa na mikate ya mdalasini. Nilitaka mtu wa kutazamana naye wenyewe wakianza kubishana nusu saa kuhusu nafasi ya koma kwenye muhtasari.

Alikuja, akacheka, wakampenda. Kiswidi chake kilikuwa kibovu wakati ule, kimejaa Kifaransa, lakini akikosea alijicheka mwenyewe, na Waswidi walimsogelea kama watu wanaosogelea jiko. Mimi Kiswidi changu ni safi. Nimekisoma kwa kamusi na kalamu nyekundu. Hakuna aliyewahi kusogea.

Halafu ikaja Jumamosi ya majina. Tulikuwa watu kumi na wanne, tumekaa duara. Mwenyekiti, mwanamke mwembamba aliyening'iniza miwani shingoni, aliniuliza mbele ya wote kama nakubali jina langu liingie kwenye orodha ya wagombea wa Baraza la Mkoa, lile linaloendesha hospitali, kliniki na treni zetu. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo, hata blauzi nilikuwa nimenunua, nimeivaa. Lakini kwetu mtu akikukaribisha chakula hukubali mara ya kwanza. Unasema nimeshiba. Anakusihi. Unasema basi, kidogo tu, na ndipo unakula sahani mbili. Basi nikainamisha kichwa, nikasema kwa kile Kiswidi changu safi kwamba nashukuru sana, ila wapo wanaonizidi, kwa mfano huyu mwenzangu hapa. Kisha nikangoja kusihiwa.

Mwenyekiti alinishukuru kwa kusema wazi, akavaa miwani yake, akamgeukia mwenzangu. Mwenzangu akasema ndiyo. Hakumeza hata mate.

Nimelifikiria neno lake hilo mara nyingi kuliko nilivyolifikiria neno lolote la mume wangu. Yeye ni Mrundi. Alilelewa na mama kama wangu, alijua kabisa nilichokuwa nakifanya pale. Angeweza kusema, hapana, dada yangu ndiye anayestahili, na mchezo ungerudi kwangu. Alisema ndiyo, wakaandika jina lake namba kumi na moja, na kahawa ikaletwa.

Kampeni ilianza mwezi wa nane. Chama kilijenga kibanda cha mbao kwenye uwanja wa Skärholmen, karibu na wauza matunda, na mwenzangu alisimama mlangoni kila siku baada ya kazi akigawa kahawa. Alijinunulia koti la rangi ya haradali. Lilimkaa. Picha yake ikabandikwa kwenye nguzo, nami kila nikitoka kazini, nimechoka kuwageuza wazee vitandani katika nyumba ile ya kuwatunzia, nilimkuta ananitabasamia kutoka kwenye nguzo tatu mfululizo. Siku moja binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alizitazama zile picha akaniuliza kwa Kiswidi, maana mimi humwita kwa Kiswahili naye huitika kwa Kiswidi, kwa nini si mimi niliyepo pale. Nikamwambia afunge zipu ya koti lake.

Sasa lazima nieleze kitu kimoja cha uchaguzi wa hapa, maana bila hicho hutaelewa nilichokifanya. Mpiga kura anachagua karatasi ya chama, na karatasi ya Baraza la Mkoa ni ya buluu. Majina yamepangwa kwa foleni, na wa juu ndio wanaoingia kwanza. Namba kumi na moja haingii. Lakini kando ya kila jina kuna kisanduku, na ukimtaka mtu mmoja hasa unamwekea alama ya X, wenyewe wanaiita kryss. Alama zikifika kiwango fulani, mtu huyo anaruka foleni na kuingia barazani. Tegemeo lote la mwenzangu lilikuwa hapo, kwenye visanduku. Na sharti ni kwamba uweke alama moja tu. Ukiweka mbili, chama kinapata kura yake, ila zile alama zote mbili zinakufa, hahesabiwi mtu.

Mimi nilijua. Nilikisoma kijitabu cha maelekezo ya uchaguzi mara mbili.

Mwenzangu aliniomba niwafundishe watu wetu kupiga kura. "Wewe ndiye unajua kueleza, dada," alisema. "Mimi nitawachekesha tu." Basi Jumapili moja baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa tunalokodi hapa Bredäng, nilisimama mbele ya kina mama kama thelathini, Warundi, Wanyarwanda, Wakongo na Waganda wawili, nikiwa na karatasi za mfano mkononi. Yeye hakuwepo. Alikuwa Skärholmen kwenye kibanda chake. Nilieleza rangi tatu za karatasi, maana siku hiyo moja kuna chaguzi tatu, nikaeleza bahasha, nikawaonyesha jina lake chini kule na jinsi ya kuweka alama. Nilieleza vizuri. Hata wivu wangu haujawahi kuniharibia kazi.

Ndipo bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, akanyoosha mkono. Alikuwa ameitazama ile karatasi muda mrefu.

"Dada, na huyu papa wa hapa juu kabisa? Tukimuruka, hatasikia vibaya?"

Papa wa juu, yaani baba kwa usemi wa kwetu, alikuwa Mswidi mzee, namba moja wa orodha. Alikuwa amekuja kanisani kwetu mara moja mwezi uliopita. Alikaa ibada nzima ya saa tatu, akapiga makofi nje ya mdundo, akala isombe yetu ya majani ya muhogo na maharagwe, kisha akakunja mikono ya shati akaosha masufuria yote jikoni, akawafukuza kina mama waliotaka kumsaidia. Tangu siku hiyo walimzungumzia kama mkwe. Na sasa wanaambiwa wampite, mzee mzima, aliyeandikwa juu, wakamsalimie mdogo aliyeandikwa chini. Kina mama wote waliinua vichwa. Nikaona kwamba swali lilikuwa la wote.

Jibu lilikuwa fupi. Mzee wa juu hahitaji alama, ameshaingia. Wekeni moja tu. Lilikuwa mdomoni. Nikalikumbuka lile koti la haradali, nikalikumbuka lile neno ndiyo lililotoka bila kumeza mate.

"Heshima ni heshima, bibi," nilisema. "Kila mtu afanye kama moyo unavyomtuma."

Wakashusha pumzi. Bibi akaitikia amina, kana kwamba nilikuwa nimehubiri.

Siku ya kura nilisimama nje ya shule tunayopigia kura nikigawa karatasi za chama. Kina mama walitoka mmoja mmoja wakiwa na vitenge vya Jumapili chini ya makoti, na wakipita walininong'oneza, "Tumewawekea wote wawili." Niliwajibu asanteni. Mimi mwenyewe, zamu yangu ilipofika, nilimwekea mwenzangu alama moja, safi, katikati ya kisanduku, ili siku yoyote akiniuliza kama nilimpa niweze kumtazama machoni.

Alipungukiwa na alama chache. Hazikufika ishirini.

Alikuja kwangu siku matokeo yalipotoka, akakaa jikoni bila kuvua koti. Akasema, "Nilidhani watu wetu watanipa." Alilia kama wanavyolia kwetu wakubwa, bila sauti, amefunika macho kwa kiganja. Nami nikiwa nimempa mgongo nachemsha chai, niliona raha. Sitaipamba. Niliona raha, ikapanda kutoka tumboni hadi masikioni, ikadumu muda wa maji kuchemka. Halafu ikaisha, na sikujua niiweke wapi sura yangu. Kwa miaka yote nilikuwa nikijisemea juu yake kwamba fadhila za punda ni mateke. Jikoni pale nilianza kushuku punda ni nani.

Ningeweza kumwambia. Alikuja kwangu mara mia baada ya siku ile. Alichaguliwa kwenye kamati moja ndogo ya chama, kisha nyingine, akakijua Kiswidi, akajifunza hata kubishania koma. Kila alipopanda kidogo aliniletea habari, nami nilimpongeza na kuuma meno. Alipoalikwa kuhutubia wauguzi nilimtengenezea hotuba. Walimshangilia, nami nilikaa nyuma nikizitambua sentensi zangu moja moja zikipita kinywani mwake. Nikajiambia simwambii kwa sababu itamuumiza. Uongo. Sikumwambia kwa sababu ningebaki sina hata kile kimoja nilichokuwa nimemshinda.

Miaka minne ikapita. Safari hii wakamwandika namba saba, na bado haikutosha bila visanduku. Mzee wa masufuria alikuwa bado namba moja. Mwenzangu akanipigia simu.

"Dada, utawafundisha tena? Wewe ndiye unajua kueleza."

Nikasema ndiyo, mara ya kwanza. Hilo nilikuwa nimejifunza.

Jumapili ile niliingia ukumbini bila kujua nitasema nini. Nasema kweli. Nilikuwa nimelala na majibu yote mawili na kuamka nayo. Kina mama walikuwa wale wale na wengine wapya, na yule bibi alikuwa mstari wa pili na fimbo yake. Na kando yake, koti la haradali limekunjwa mapajani, alikaa mwenzangu. Hakwenda kibandani siku hiyo.

Nikaeleza rangi. Nikaeleza bahasha. Nikafika kwenye alama, nikamwonyesha kila mtu jina, nikaweka X kwenye karatasi ya mfano, na nikasikia sauti yangu ikianza kuuliza kama kuna lolote la ziada, tukanywe chai.

Mwenzangu akanyoosha mkono.

"Dada," alisema taratibu, "na huyu papa wa hapa juu kabisa? Tukimuruka, hatasikia vibaya?"

Neno kwa neno. Hakucheka. Hakunitazama kwa ukali pia. Alinitazama kama mtu anayekushikia mlango. Nikaelewa kwamba alijua, na kwamba hakuanza kujua jana. Bibi lazima alimwambia zamani, huenda wiki ile ile, akijisifu kwamba hawakumvunjia mzee heshima. Kila kikombe cha chai alichokunywa jikoni kwangu kwa miaka minne alikuwa anajua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, na mimi nilikuwa nimeishi na kimya hicho bila kujua kama kipo.

"Moja tu," nilisema. "Mzee wa juu hahitaji, ameshaingia. Ukiweka mbili zote zinakufa. Hahesabiwi yeye, hahesabiwi mwenzetu."

Bibi akaigeuza ile karatasi, akaitazama nyuma, akaigeuza tena.

"Kumbe?" alisema. "Mbona wakati ule hukutuambia?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na wengine walitaka kujua, na nyuso zote zikanigeukia. Nikaanza kuikunja karatasi ya mfano niliyoishika.

"Bibi, wakati ule hakuna aliyejua," alisema mwenzangu. "Hata mimi mgombea sikujua." Akaweka koti kwenye kiti, akasimama, akaanza kukusanya karatasi za mfano. "Twende chai."

Aliingia barazani kwa zile alama. Sasa hukaa kule mjini na kusema juu ya kliniki zetu, na mara nyingine husema vizuri. Baada ya chai siku ile tuliosha vyombo sisi wawili, mimi nasugua, yeye anafuta, nami nikatafuta neno pole kila sufuria lilipopita mkononi mwangu, hadi masufuria yakaisha. Kile kiti siku hizi kinaniuma kidogo tu. Ila ile sentensi yake ya kunisitiri, hata mimi mgombea sikujua, mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida kabisa: hiyo nisingeweza kuisema hata ningepewa miaka minne mingine, na kwa hiyo ninamwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea kwa lolote.