Jina Lililo Chini ya Mpini

Kazi yangu ni kuandika majina ya watu waliokufa. Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba yangu Kitaji, mjini Musoma, na humo nachonga vibao vya marumaru vya makaburini: amezaliwa, amefariki, apumzike kwa amani. Tangu mke wangu afariki naongea na patasi zaidi kuliko ninavyoongea na watu. Kibao chake nilikichonga mwenyewe, nikakosea nafasi, herufi ya mwisho ikabanwa ukingoni. Hatukujaliwa mtoto. Nalisema mapema ili msomaji asije akamsubiri.

Babu yangu mzaa baba alipigana Burma, askari wa Mwingereza, na alirudi Butiama na upanga wa Kijapani. Mwenye upanga huo babu alimuua kwa mkono wake mwenyewe, na jambo hilo hakulificha wala hakulisifu. Kwa mila zetu mtu aliyeua vitani haingii nyumbani hivi hivi. Alikalishwa nje ya boma, akanyolewa, akatakaswa, ndipo akaruhusiwa kula na wenzake. Upanga ulivishwa mpini mpya wa mti na ngozi ya mkia wa ng'ombe, ukapandishwa darini. Tangu hapo kila baada ya mavuno babu alimwaga pombe ya mtama mlangoni pa zizi, akawaita wafu wetu kwa majina yao, na mwishoni akamwita yule aliyemuua. Shida ni kwamba hakujua amwiteje. Alisema tu, "Na wewe mwenye upanga, karibu," kama mtu anayemsemesha mpita njia.

Siku moja, nikiwa nimeanza shule, aliushusha upanga, akachomoa kijiti kinachoshika mpini, akauvuta mpini ukatoka. Chini yake chuma kilikuwa cheusi chenye kutu, na juu ya kutu kulikuwa na alama zilizochongwa.

"Wewe si unasomaga? Soma."

"Babu, hizi si herufi."

"Ni nini basi, nyayo za kuku?"

Aliurudisha mpini, akaupandisha upanga darini. Alikufa hajalijua jina, na baba yangu akafa vilevile. Kazi ya kumwaga pombe ikamwangukia shangazi yangu, binti wa babu, aliyekuwa amerudi kwao baada ya kufiwa na mume. Si kazi ya mwanamke, lakini mwanamume aliyebaki katika ukoo ule ni mimi, na mimi nilikuwa Musoma nikichonga misalaba. Jumapili alikwenda misa, akirudi anamwaga. Padre alijua na akanyamaza.

Shangazi aliniita babu, kwa sababu nilipewa jina la babu yake, na jina lenyewe alilitaja aliponiita kwa mbali. Mjini mimi ni Fundi. Mke wangu aliniita Fundi pia, kwa utani, hadi utani ukawa ndio jina. Jina langu la nyumbani lilikuwa limebaki kinywani mwa mtu mmoja tu, ajuza wa Butiama mwenye meno machache, na kila nilipomtembelea nilikaa siku moja zaidi ya nilivyopanga ili nilisikie. Sijawahi kumwambia hivyo.

Mavuno ya mwaka juzi, baada ya kumwaga, aliketi kizingitini akashika magoti.

"Babu, mimi nimechoka sasa. Nikifa bila kumjua jina huyu mtu, atabakiaga hapo mlangoni. Wewe ndiye utakuwa unampita. Nataka nimwite hata mara moja, aitike, aende alale na wenzake."

"Shangazi, mimi sijui Kijapani."

"Na maiti za watu unazoandika, unazijuaga?"

Nilirudi Kitaji, na badala ya kusikiliza redio jioni nikaanza kusoma kwenye simu jinsi watu wanavyosoma maandishi ya panga za kale za Japani.

Kumbe kuna watu wa kazi hiyo duniani, na kanuni zao ni kali. Ya kwanza: usisugue kutu iliyo chini ya mpini, kwa kuwa kutu hiyo ndiyo umri wa upanga, na anayeing'arisha amefuta kumbukumbu. Nilimpigia shangazi simu papo hapo nikamwonya asije akaupitishia steelwire kama sufuria. Aliudhika; alisema darini hapandi, ana magoti mabovu. Kanuni nyingine: maandishi husomwa kutoka juu kwenda chini, na mara nyingi upande mmoja una jina, upande wa pili tarehe. Nilinunua daftari la shule nikajifunza alama za namba, za mwezi, za siku, na ile inayofungia jina ikimaanisha "ametengeneza". Nilizichonga kwenye vipande vya marumaru vilivyovunjika, kwa sababu mkono wangu hushika kitu kupitia patasi. Jirani aliyevikuta ukutani aliuliza kama nimeanza uganga.

Siku niliyokwenda kuusoma nilipitia Bunda kupeleka kibao cha mteja wa Nyasura, kisha nikashika njia ya Nyamuswa hadi Butiama. Nilimkuta shangazi ameshafagia uwanja na kutandika ngozi, kana kwamba kuna posa. Nilimwamkia, nikapanda darini mwenyewe.

Alama zilikuwa zimefifia. Nilimwomba unga wa muhogo. Niliupaka kidogo kidogo kwa kidole, nikapuliza, na unga ukabaki ndani ya michoro, mweupe juu ya kutu nyeusi. Nikawasha tochi ya simu nikaiweka ubavuni, maana mwanga wa mbele huua kivuli na herufi iliyochongwa huishi kwa kivuli. Pale nilimwona mwenzangu, aliyezichonga alama zile. Kila mstari ulianza mpana pale patasi ilipopigwa, ukaishia mwembamba ilipoinuliwa. Hakuwa na haraka. Alama ya mwisho ilibanwa kidogo chini, karibu na tundu la kijiti, naye alikosea nafasi.

Nilisoma mahali, kisha jina, kisha "ametengeneza". Nikageuza. Tarehe ilianza na mwaka wa enzi ya mfalme fulani, ikafuata mwezi wa nane, ikafuata alama ya siku, na hapo ikakoma. Siku isiyo na namba. Nilipiga picha, nikatembea hadi kilimani penye mtandao, nikazituma kwa mama mmoja wa Japani tuliyekuwa tukiandikiana kwa Kiingereza chetu kibovu wote wawili. Jibu lilikuja jua likiwa limeinama. Nimesoma sawasawa, alisema. Wahunzi wa kale walipenda kuandika mwezi wa pili au wa nane hata kama upanga ulitengenezwa mwezi mwingine, na siku waliiacha bila namba, ndiyo desturi. Jina ni la mhunzi wa karne nyingi zilizopita, ingawa wengi waliitumia sahihi kama hiyo na wengine waliighushi. Upanga huenda ulirithishwa mtoto kwa mtoto hadi ukafika kwa askari. Jina la askari, alisema, haliandikwi hapo.

Niliketi juu ya jiwe. Nilifikiri kumdanganya. Jina lilikuwepo, la Kijapani, limechongwa vizuri, nani angejua? Angelitaja kwa ulimi wake mzito, angefurahi, angekufa na amani. Lakini kazi yangu yote ni moja tu, jina sahihi juu ya mtu sahihi. Nikimwita mtu kwa jina la mwingine, nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Nilishuka nikamwambia kweli. Alisikiliza kidevu kikiwa juu ya fimbo.

"Mhunzi?"

"Mhunzi, shangazi."

Wahunzi wa kwetu ni ukoo wa peke yao, hatuoani nao. Alicheka hadi akakohoa. "Yaani miaka yote tumeficha mtoto wa mhunzi darini." Kisha kicheko kikamwisha, akatazama zizi lililokuwa tupu.

"Kulikuwa na kitambaa," alisema.

"Kitambaa gani?"

"Kimefungwa kwenye upanga. Cheupe, na haya haya maandishi, kwa wino. Nilikuwa mtoto, nilikishika. Mtakasaji akaninyang'anya akakitupa motoni. Alisemaga jina la mtu uliyemuua lisiingie bomani, litakufuata."

Wazee walikuwa wamechoma jina ili wawe salama, kisha wakakaa maisha yao yote wakilitafuta mlangoni. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alifanya ilivyopasa. Niliona uchungu hata nikashindwa kumtazama, nikajifanya nafuta unga kwenye chuma.

Shangazi aliinuka akachukua kibuyu. Alinitazama muda mrefu, kama anayepima kama kauli yake itaniumiza, na nadhani aliona kwamba itaniumiza, akaisema.

"Babu, wewe hauna mtoto."

"Sina."

"Jina lako halina pa kwenda. Mpe huyu mwenye upanga."

Kwetu mtu huendelea kuishi katika mtoto atakayepewa jina lake. Langu lingeishia kwenye marumaru, na hata marumaru sijui nani angeichonga. Nilikohoa tu. Shangazi akakichukua kikohozi hicho kuwa kibali, akaenda mlangoni pa zizi, akamwaga, akawaita wafu wetu mmoja mmoja, na mwishoni kabisa, kwa sauti ya kumwita mtu wa nyumbani, akaita jina langu.

Niliitika, "Naam," kabla sijakumbuka kwamba si mimi ninayeitwa. Shangazi hakugeuka.

Alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata. Kibao chake nilikichonga taratibu, na herufi zilienea vizuri. Upanga uko darini palepale, na kutu yake haijaguswa. Sasa mimi ndiye ninayekwenda Butiama mtama ukishavunwa. Boma halina mtu, majani yamefika kiunoni. Namwaga, nawaita wote, shangazi naye yumo, kisha naliita lile jina, ambalo mtu mwingine halitaji tena popote. Nasubiri kidogo. Halafu naitika mwenyewe, kwa sababu si adabu mtu aitwe nyumbani kwake na pasiwe na wa kuitika.