Kiingereza Changu Mbele ya Mzani

Ndugu wasomaji, aibu hii niliitafuta mwenyewe. Mimi ni karani wa boma hapa Lindi, na mwezi uliopita niliitwa Dar es Salaam kwa ndege. Niliambiwa uwanjani kuna Mzungu anayepima abiria na mizigo, naye hajui Kiswahili. Basi wiki mbili nzima mke wangu, Zainabu, alikaa nyuma ya cherehani akawa ndiye Mzungu, nami nikamjibu kwa Kiingereza: jina, safari, mizigo.

Siku ilipofika, nyuma ya mzani alisimama mtu mwenye kofia, ameinamia daftari. Sikumtazama usoni, nisije nikasahau. Nilikodolea macho bati la paa, nikasema, "Gudi moning, sa," kisha nikamwaga majibu yote kwa pumzi moja kabla sijaulizwa lolote.

Abiria wenzangu wakakohoa.

Yule mtu akavua kofia. Alikuwa mjomba wake Zainabu wa kule Nyangamara, aliyeniozesha mwaka jana baada ya kumpigia magoti. Kumbe ameajiriwa hapo juzi tu.

"Marahaba, mkwe wangu," akanijibu polepole.

Shikamoo yenyewe nilikuwa sijaitoa.