Kilichofungwa Kiwandani

Umurerwa, fundi cherehani wa Kamembe, aliacha kula chakula kilichopikwa na mkono wa mtu. Msimcheke. Kaka yake Twagirayezu alikwenda harusini Nyakabuye akiwa mzima, akarudi ameshika tumbo, na siku ya tatu wakamzika. Daktari alisema ni utumbo uliojisokota. Mtaa ukasema ni sumu. Kati ya daktari na mtaa, nani husikilizwa? Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama huyu aliapa kwamba kisichofungwa kiwandani hakitapita kooni mwake.

Basi mwaka mzima akawa mtu wa biskuti za pakiti na soseji za kopo, akishushia soda. Akisinzia kwenye cherehani alifungua kinywaji cha nguvu, kisha kingine. Kila kopo alilikagua, akasikia linavyopumua likifunguka, ndipo akanywa.

Lakini amani, wapi! Usingizi ulimhama. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi tu anapima suruali, mikono ikamtetemeka hadi uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Mara alie bila sababu, mara ahisi anakufa papo hapo. Na maana yake aliijua, maskini: sumu imempata hata hivyo. Akabana zaidi, akaacha hata maji ya nyumbani, akaongeza makopo.

Sasa, nyumbani waliishi wawili tu, yeye na binti yake Izabayo, mwalimu wa chekechea. Kama sumu imo ndani ya nyumba ya watu wawili, anayeitia ni nani? Wazo hilo lilimjia akikata kitambaa, na aliogopa hata mkasi ukamponyoka. Alilifukuza, likarudi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Jioni ile alimwambia mwanawe afunge mizigo ahamie kwa shangazi yake kule Gitambi, Jumapili isimkute pale.

Izabayo hakubishana. Aliomba jambo moja tu, kwamba waende pamoja kituo cha afya, kisha ataondoka.

Nesi, Maman Gasaro, alimpima, akamuuliza anakula nini. Umurerwa akataja kimoja kimoja, kwa fahari kabisa. Nesi akaacha kuandika. Alieleza kwamba dalili ya sumu haioni. Hofu hiyo ni ugonjwa, ulianza na msiba, na unatibika. Kila wiki atakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Ila makopo manne ya kinywaji cha nguvu kwa siku, na sukari bila chakula cha maana, vinaukoroga moyo wake na kumkeshesha, na asiyelala hofu humpanda kichwani.

"Maman, hizi boîtes ndizo zinakunyima usingizi," alisema, maana yake makopo hayo. "Mutoto yako hana kosa."

Umurerwa alirudi nyumbani akitaka kuamini, na hakuweza.

Mchana huo Izabayo alisonga ugali wa muhogo, akapika sombe ya majani ya muhogo na sambaza, dagaa wa ziwani, akaandaa. Mizigo yake ilikuwa tayari mlangoni. Huku kwetu ukimpa mgeni chakula au kinywaji, wewe mwenyeji huonja kwanza, aone hujamwekea kitu. Ni adabu ya wageni. Mtoto hamwonjei mama yake. Izabayo alimega tonge, akachovya, akaanza kulipeleka mdomoni, machozi yakimtiririka.

Umurerwa aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani. Alimshika mkono.

"Usionje. Mimi si mugeni yako."

Akalitoa tonge vidoleni mwa mwanawe, akalitia kinywani. Moyo ulimdunda hadi masikioni, na hofu haikupungua hata chembe. Alitafuna, akameza akiamini kwamba huenda ndiyo anakufa, kisha akanyoosha mkono kumega la pili.