Maneno Nyuma ya Picha za Asali

Leo nimeaibika kwenye simu, jamani.

Kwenye tovuti yangu ya asali, nyuma ya kila picha, kwenye maelezo yasiyoonekana kwenye skrini, niliandika maneno yaleyale, "asali bora Hanang", ili watu wakitafuta mtandaoni watupate haraka.

Mchana akapiga mwalimu aliyenifundisha shuleni Nangwa. Siku hizi haoni. Simu ndiyo humsomea kwa sauti, hata maneno ya nyuma ya picha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimesikiliza picha zako. Zote zinasema asali bora. Hakuna hata moja yenye mlima?"

Ipo. Nikamwambia nitampigia.

Nimechoka, macho yanauma, lakini nimekaa nikaandika upya maneno ya picha ya kwanza: "Mlima Hanang asubuhi, wingu limefunika kilele, mizinga mitatu juu ya mgunga."

Nikampigia, akasikiliza.

"Afadhali. Miaka sita sijauona. Haya, kwenye picha inayofuata kuna nini?"